Jarida Lililopunguzwa Uzito

Naanza kwa kusifu, kama sheria ya nchi yetu inavyotaka. Nchi yetu ni nzuri. Jina lake sitalitaja, kwa sababu Kamati ya Taifa ya Kutafuta Jina Lifaalo Zaidi bado inaendelea na vikao, na wajumbe wameomba wasiharakishwe. Tunayo wizara ya kila kitu, na pale pasipo na kitu tumeweka wizara mbili.

Haya ninayoyasimulia yalitokea katika Wizara ya Afya na Shukrani. Wizara hiyo ilikuwa na jarida liitwalo *Afya Mlangoni*. Lilikuwa jarida dogo la karatasi nyepesi, rangi yake kama maji ya mchele, na lilitumwa kwa posta hadi kwenye zahanati na kwa wakunga wa vijiji ambavyo magari ya serikali huvikumbuka mwaka wa uchaguzi tu. Lilieleza namna ya kufunga jeraha, namna ya kumtambua mjamzito aliye hatarini, namna ya kumnyonyesha mtoto asiyetaka kunyonya. Halikuwa na picha ya kiongozi hata mmoja. Upungufu huo ulikaa miaka mingi bila kugunduliwa, maana hakuna kiongozi aliyewahi kulifungua.

Mhariri wake aliitwa Theodosi Mahimbo. Zamani alikuwa tabibu wa bara, mtu mpole, mrefu, mwenye kuinama kila anapopita mlangoni hata kama mlango ni mrefu kuliko yeye. Alikuwa na desturi moja. Kila makala aliisoma kwanza kwa sauti jikoni, mkewe Modesta akipika. Mahali ambapo Modesta aliacha mwiko na kuuliza, "Hapo unamaanisha nini?" palifutwa na kuandikwa upya. Kwa hiyo makala za *Afya Mlangoni* zilieleweka, jambo ambalo si la kawaida kwa maandishi ya serikali, nami sijui kama lilikuwa halali.

Mwaka huo mvua zilikuwa karibu, na kutoka vijiji vya bondeni zilikuwa zimeanza kusikika habari za kuharisha. Lazima niseme mapema kwamba kipindupindu hakipo nchini mwetu. Kilifutwa kwa tamko. Tangu tamko hilo, anayekufa kwa kuharisha huandikwa kwamba alipungukiwa maji, na hilo ni kosa lake mwenyewe. Mahimbo aliliheshimu tamko. Hakulitaja jina la ugonjwa. Mwishoni mwa toleo lililotangulia aliandika tu: "Toleo lijalo: kuharisha kukali kukiingia nyumbani, la kufanya." Kila aliyesoma alielewa, akasubiri.

Makala yenyewe ilichukua karatasi moja, mbele na nyuma. Ilieleza kuchemsha maji, kuchimba choo mbali na kisima, kunawa, na namna ya kuchanganya maji, sukari na chumvi kumwokoa mtoto wakati zahanati iko mbali. Modesta aliisikiliza yote bila kuacha mwiko hata mara moja.

"Hii itume upesi," alisema.

*

Wakati huohuo tulipewa Waziri mpya, Mheshimiwa Dakta Kanuti Bwimba. Udaktari wake haukuwa wa tiba; alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe, na siku hiyo aliondoka na udaktari na mbuzi. Siku yake ya kwanza ofisini aliletewa chai, na chini ya kikombe pakawekwa nakala ya *Afya Mlangoni* ili meza isiungue. Alipomaliza chai aliinua kikombe, akalipekua jarida kutoka mbele hadi nyuma, kisha kutoka nyuma hadi mbele.

"Mimi niko ukurasa wa ngapi?" aliuliza.

Basi ikaitishwa bajeti.

Kikao cha Makadirio ya Gharama za Kuchapa na Kutuma Jarida kilifanyika katika hoteli iliyo ufukweni, kwa sababu imethibitika kwamba mtu hawezi kubana matumizi akiwa na joto. Wajumbe walipewa mikoba, kofia na posho. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Waziri, na kulia kwake alikaa Katibu Mkuu, Bi. Leokadia Sungwa, mama mwenye sauti laini ambayo watu wengi waliisikia mara moja tu, siku walipofukuzwa kazi.

Mahimbo aliitwa mbele kueleza.

"Kuchapa si tatizo, Mheshimiwa," alisema. "Gharama kubwa ni stempu. Posta hutoza kwa uzito. Nakala ikivuka kiwango chao, bei ya kutuma inakuwa maradufu."

"Na sasa imevuka?"

"Hapana, Mheshimiwa. Tumeipima. Iko chini."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Halipo, Mheshimiwa."

Wajumbe walitazamana. Hoteli ilikuwa imelipiwa siku tatu, na haikuwa hata saa nne ya siku ya kwanza. Bi. Leokadia ndiye aliyewaokoa.

"Mheshimiwa, tatizo lipo," alisema. "Jarida la Wizara halina Waziri."

Wajumbe wakashusha pumzi. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamepitisha jalada jipya la karatasi nzito ya kung'aa lenye picha ya Mheshimiwa akitazama mbali. Baada ya chakula wakaongeza salamu zake. Kesho yake wakaongeza historia yake, tangu utoto wake wa kuchunga ndama hadi siku aliyotunukiwa udaktari, kisha salamu za mkewe, kisha shukrani za Wizara kwa salamu hizo. Jarida lilipowekwa kwenye mzani wa posta ulioletwa pale hotelini, sindano iliruka kama imekanyagwa.

"Sasa tatizo lipo," alisema Mheshimiwa, akaridhika. Akainuka, na wote wakainuka. "Ndugu wajumbe, uzito ni adui wa maendeleo! Ndege huruka kwa sababu ni mwepesi. Taifa nalo litaruka. Lakini nauliza, na naomba nijibiwe kitaalamu: kwa nini wananchi wetu wanaishi mbali na posta kiasi hiki?"

Hakuna aliyejua. Iliundwa kamati ndogo ya kulichunguza suala hilo, ikapewa gari.

Ndipo ilipoanza kazi ya kupunguza. Makala ya majeraha iliondolewa kwa kuwa majeraha yanatia nchi aibu. Ya wajawazito iliondolewa kwa kuwa ilizungumzia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Ya kunyonyesha ilijadiliwa kwa muda mrefu, wajumbe wakiwa na maoni mengi, hatimaye nayo ikatolewa kwa heshima. Mahimbo alikuwa akiitika kila mara, "Sawa, Mheshimiwa," sauti yake ikizidi kupungua. Mwishowe, jioni ya siku ya tatu, mzani ulionyesha kwamba imebaki karatasi moja tu ya kuondoa. Ilikuwa ama ile ya kuharisha kukali, ama ile ya utoto wa Mheshimiwa na ndama zake.

Wote walimtazama Waziri. Waziri alitazama bahari.

"Mimi siingilii kazi za wahariri," alisema. "Katika nchi yetu mhariri yuko huru. Bwana Mahimbo, chagua mwenyewe."

Tulikuwa hatujawahi kumwona mhariri akiachiwa uhuru hadharani, na wajumbe kadhaa walipiga makofi.

Mahimbo alisimama ameshika karatasi mbili. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umepita, na alifanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Bi. Leokadia alimwinamia, akamwambia kwa ile sauti yake laini:

"Mkataba wako unafika mezani kwangu wiki ijayo, kaka. Nisingependa usumbuke."

Alifikiri nini pale? Aliwahi kusema baadaye kwamba hakufikiri lolote, na kwamba hilo ndilo linalomuuma. Aliona tu macho mengi, na kiu, na hamu ya kutoka katika chumba kile. Alichukua penseli, akapiga mstari juu ya makala ya kuharisha. Alitumia penseli, kama mtu anayedhani iko siku atakuja kufuta.

Mzani ulitulia. Mheshimiwa alimkumbatia.

Usiku huo Modesta aliweka sufuria jikoni, akavuta kigoda, akamngoja. Mahimbo alikaa chini bila kufungua mkoba.

"Leo husomi?"

"Hakuna cha kusoma."

"Na ile ya kuharisha? Si mlikuwa mnaipitisha?"

"Imezidi uzito."

"Uzito gani?"

"Wa posta."

Modesta aliacha mwiko. "Hapo unamaanisha nini?" aliuliza.

Mahimbo alijaribu kumweleza, akaanza na stempu, akaenda kwenye jalada, akafika kwenye ndama, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujisikia mjinga. Modesta hakumgombeza. Alimpakulia chakula, akaenda kulala, na chakula kikapoa mbele ya mume wake.

*

Jarida lilichapwa, likatoka linang'aa. Lakini jarida la taifa haliwezi kudumbukizwa tu kwenye sanduku la posta kama barua ya mchumba. Ilibidi lizinduliwe. Mbele ya jengo la Posta Kuu zilisimamishwa hema, bendi ikaja, na fulana zikagawiwa zenye maneno UZITO NI ADUI. Mheshimiwa alilamba stempu moja huku kamera zikimwelekea. Mpiga picha mmoja hakuwa tayari, Mheshimiwa akailamba tena. Kisha akaibandika kwenye nakala moja iliyoandikwa jina na anwani yake mwenyewe. Napenda kutoa taarifa kwamba nakala hiyo ilifika salama.

Kesho yake Mahimbo alikwenda kwa Bi. Leokadia kuomba stempu za nakala nyingine.

"Fungu la posta limekwisha," alisema Bi. Leokadia.

"Limekwisha vipi, mama? Tumetuma moja tu."

"Hema je? Bendi? Zile fulana? Ule ulikuwa uzinduzi wa kutuma, kwa hiyo ni gharama ya kutuma."

"Kwa hiyo hazitumwi?"

"Tutazipeleka wenyewe. Mafuta ya magari yako fungu la safari, na fungu la safari halijawahi kwisha."

Ndivyo msafara ulivyoondoka, magari yenye viyoyozi yakifuatana, moja la Mheshimiwa, moja la mkoba wa Mheshimiwa, mengine ya wajumbe waliokwenda kushuhudia jinsi gharama za stempu zilivyookolewa. Mahimbo alipewa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya vifurushi vya majarida, na kila gari lilipoingia shimoni picha za Waziri zilimwangukia mapajani.

Kituo cha kwanza, ambacho kilikuja kuwa cha mwisho, kilikuwa kijiji cha Magubiko, bondeni. Mapokezi yalikuwa hafifu. Walikuwepo wanawake, wazee wachache, na mwenyekiti wa kijiji, ambaye aliomba radhi kwa unyenyekevu.

"Wanaume wengi wako makaburini, Mheshimiwa. Wanachimba."

"Wafikishieni salamu zangu," alisema Mheshimiwa. "Wachape kazi."

Alihutubia. Alisema serikali imewaletea jarida jepesi kuliko yote katika historia, jarida ambalo mama anaweza kulibeba pamoja na kuni bila kuchoka. Watu walipiga makofi polepole, kama wanaofukuza inzi. Kisha nakala ziligawiwa.

Kati ya waliopokea alikuwepo Bi. Nyamizi Kasanda, mkunga wa kijiji, mama wa makamo aliyejifunga kitenge kiunoni kwa kamba. Hakutazama jalada. Alifungua katikati. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akatikisa jarida juu chini, kama kuna kitu kimebana. Kisha akamuuliza dereva jambo, na dereva akamwonyesha Mahimbo kwa kidole.

"Ni wewe Mwalimu Mahimbo?" aliuliza alipomfikia, na uso wake ulichanua. "Wewe wa kwenye *Afya Mlangoni*? Nimekusoma miaka yote mimi! Yule mtoto wa mama Ngolo aliyetanguliza miguu, nilimtoa kwa maneno yako." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Sasa ulituahidi ya kuharisha. Nimewaambia wenzangu, tungojeni, Mwalimu anatuletea. Naitafuta humu siioni. Macho yangu au?"

Mahimbo alitamani ardhi impokee. Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa.

"Si macho yako, mama," alisema. "Haimo."

"Haikuandikwa?"

"Iliandikwa. Tukaitoa. Mimi nikaitoa."

"Kwa nini?"

"Ilizidi uzito. Stempu zingekuwa ghali."

Bi. Nyamizi alimtazama, halafu akatazama ule mstari wa magari kwenye vumbi, ambayo injini zake zilikuwa zikiunguruma ili viyoyozi visizime. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayesikitika kwamba mgeni wake amehangaika bure.

"Baba, ungetuambia tu," alisema. "Tungekuja wenyewe kuichukua. Kwa miguu."

Mahimbo alivua kofia aliyopewa hotelini. Akamwomba Bi. Nyamizi awaite wanawake. Walikaa barazani pa zahanati, ambayo ilikuwa na kufuli, kwa maana mganga alikuwa semina. Akawasomea makala nzima bila karatasi, kama alivyomsomea Modesta. Aliomba sukari, akaomba chumvi, akaomba maji yaliyochemshwa, akachanganya mbele yao na kuwaonjesha: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Na jina la ugonjwa alilitaja waziwazi. Alipolitaja, mjumbe mmoja wa msafara alikimbia kwenda kumwamsha Mheshimiwa garini.

Wanawake walirudia kila neno kwa pamoja. Mmoja tu hakurudia. Alisimama mbali kidogo, akiegemea ukuta wa zahanati, mikono imelegea.

"Mama yule naye asogee," alisema Mahimbo. "Pale hatasikia vizuri."

Bi. Nyamizi aliinamisha kichwa. "Yule mwache tu, Mwalimu. Ni mama Shija. Mtoto wake ndiye anayechimbiwa."

Mahimbo alimkabidhi mkunga kijiko. Bi. Nyamizi ndiye aliyemalizia. Msafara ulipopiga honi mara ya kwanza Mahimbo hakuinuka, na mara ya pili hakuinuka, na magari yakarudi mjini bila yeye. Alibaki Magubiko akichemsha maji na kuwanywesha wagonjwa nyumba kwa nyumba mpaka mvua zilipopungua. Wengi walipona. Kwa mama Shija alipita kila asubuhi kumsalimia, na kila asubuhi mama Shija aliitikia vizuri, akamkaribisha kiti, na hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kama angemfukuza.

*

Aliporudi mjini aliitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Msije mkadhani nchi yetu haina utaratibu. Mashtaka yalisomwa naye amesimama: kwanza, kutaja ugonjwa usiokuwepo, pili, kubaki nyuma ya msafara, na tatu, lililo kubwa, kutoa toleo zima la jarida kwa mdomo bila kibali cha bajeti.

"Una la kujitetea?" aliuliza Mheshimiwa.

"Sina," alisema Mahimbo. "Hayo yote nakubali. Lakini naomba Kamati iniadhibu kwa lingine, ambalo halikusomwa."

Wajumbe wakakaa vizuri. Mtu anayeongeza mashtaka yake mwenyewe haonekani kila siku.

"Lipi hilo?"

"Ile karatasi niliyoitoa. Niliachiwa kuchagua, nikachagua ndama. Watu wamekufa, Mheshimiwa. Ningeishikilia, nikawaambia waje kuichukua, ingefika kabla. Niandikieni hilo."

Kulikuwa na minong'ono. Bi. Leokadia alifungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Alitafuta kwenye uzembe, akatafuta kwenye uharibifu wa mali ya umma, akatafuta kwenye utovu wa adabu.

"Hilo silioni, Mheshimiwa," alisema. "Hilo si kosa. Huko ni kubana matumizi."

"Kweli kabisa," alisema Mheshimiwa, akachangamka. "Tena lilikuwa limenipita!"

Ikaamuliwa kama ifuatavyo. Kwa yale makosa matatu, Mahimbo hataongezewa mkataba. Kwa ile karatasi, apewe cheti cha pongezi chenye fremu. Mheshimiwa alimkabidhi kwa mikono yake, wakapigwa picha, na wajumbe waliimba wimbo wa pongezi beti zote. Mahimbo alisimama katikati yao ameshika cheti kifuani kwa sababu mpiga picha alimwelekeza hivyo, uso wake ukitazama chini. Picha ipo. Ilitoka kwenye jalada la toleo lililofuata.

Jioni alifika nyumbani akaingia jikoni akiwa ameinama. Modesta alikuwa amekaa muda mrefu akiogopa gari la polisi, na alipomwona aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Umerudi! Wamekufanya nini, mume wangu?"

Mahimbo aliweka fremu mezani, kioo kikitazama chini, akakaa, akafunika uso kwa viganja.

"Wamenipongeza," alisema.